Ngozi ya Ng'ombe wa Mtandaoni

Shanwe, Mpanda

18 Novemba

Daftari hili nimelinunua dukani kwa Osward, ambako ndiko ninakofanya kazi ya kutoa kopi na kuchapa barua za watu, na bado hajanipunguzia hata shilingi. Haya. Ninalianza leo kwa sababu leo nimemuuza Madoa.

Madoa ni mtamba wangu, mwekundu, mbavuni ana madoa meupe. Mama alipofariki aliniachia ng'ombe mmoja, na ukoo wa ng'ombe yule umebaki kwa Madoa peke yake. Wengine walikufa kwa ugonjwa wa ndigana mwaka juzi. Nimemuuza kwa Mzee Bartolomeo wa Magamba, laki saba na ishirini, na hela hiyo nitaiingiza kwenye soko la sarafu za mtandaoni. Sibahatishi kama wale vijana wa kijiweni wanaong'ang'ania simu hadi macho yanawatoka. Nina stashahada ya kompyuta ambayo imekaa kabatini miaka mitatu. Nimeandika programu kwa lugha ya Python, inaliuliza soko bei kila dakika tano, na bei ikifika ninapotaka inanunua au inauza yenyewe.

Baba alikuja kutoka Kasekese kushuhudia. Yeye ndiye aliyeweka sharti.

"Bartolomeo, huyu kaa naye mpaka mahindi yakauke. Kija akirudi na hela yako, unampa ng'ombe wake. Asiporudi, ni wako moja kwa moja, na mimi Luhende sitafungua mdomo."

"Na akipandwa je? Dume langu halina adabu."

"Akipandwa tutaongea."

Wakashikana mikono. Madoa akaswagwa kuelekea Magamba na hakugeuka hata mara moja. Nilitaka ageuke.

20 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati la mama mdogo Scola linavuja sehemu moja tu, na ni juu ya kitanda changu.

22 Novemba

Nimeipa programu jina: Mchunga. Mama mdogo Scola amecheka mpaka akaweka mwiko chini. "Yaani umeuza ng'ombe halafu ukaajiri mchunga? Atachunga nini sasa?"

Acheke. Akili ya Mchunga nimeichukua kwa baba mwenyewe. Tangu nikiwa mdogo namwona akienda mnadani mwisho wa kiangazi, wakati ng'ombe wamekonda hadi mbavu zinahesabika na kila mtu anaogopa kununua. Yeye ananunua. Mvua zikija, majani yanaota, ng'ombe ananenepa, baba anauza na kunyamaza. Basi na Mchunga nimemwekea hivyo hivyo. Sarafu ikishuka sehemu moja ya kumi, amekonda huyo, nunua. Ikipanda sehemu moja ya kumi juu ya tulipomnunua, amenenepa, uza. Amri zote nimeziandika kwa Kiswahili: nunua, uza, subiri. Na kila anachofanya Mchunga anakiandika kwenye faili, saa, bei na sababu, ili nisije nikasahau.

Nimemweleza baba kwa simu. Akauliza, "Sasa hiyo sarafu nayo inakula majani?"

Nikamwambia baba, ule ni mfano tu.

30 Novemba

Wiki nzima Mchunga amefanya biashara kwa hela za bandia. Soko lina uwanja wake wa majaribio, unanunua na kuuza bila kuumia. Amefaulu. Kesho tunaingia kwa hela ya Madoa. Nimeweka na uzio: sarafu yoyote ile, asiinunue kwa zaidi ya robo ya hela yote.

3 Desemba

Soko limekataa oda zangu kutwa nzima. Nilidhani nimekosea ufunguo, yaani namba ya siri ya kuingilia sokoni, nikaandika upya mara tatu, nikamkaripia mama mdogo wa watu bure. Kumbe ni saa! Laptopu yangu ni ya mtumba, betri ya saa imekufa, umeme ukikatika inarudi nyuma, na soko halipokei oda ya mtu anayedai bado ni jana. Umeme umekatika mara nne leo.

4 Desemba

Nimemhamishia Mchunga kwenye kompyuta ya dukani, ambayo ina betri ya sola. Osward amekubali, ila anataka kuambiwa kila faida. Nimemwambia sawa, bosi.

9 Desemba

Mvua.

14 Desemba

Faida ya kwanza! Elfu kumi na mbili. Nimemnunulia mama mdogo sukari kilo mbili kutoka kwenye mshahara wangu, hela ya Madoa sijaigusa, lakini nimemwambia imetoka kwa Mchunga. Ameipokea kwa mikono miwili akasema, "Huyo mchunga wako ana adabu."

2 Januari

Mbuga zote zimejaa maji, barabara ya Kasekese ni tope tupu. Mchunga ananunua waliokonda na kuuza walionenepa. Mimi natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na kila baada ya mteja mmoja nachungulia.

11 Januari

Tumefika laki nane na sitini. Nimekaa na kalamu na nimeona kitu. Kwa mwendo huu, mahindi yakikauka sitarudi na hela ya Madoa peke yake, nitarudi na ya mtamba wa pili. Nimeshampa hadi jina, sitaliandika hapa nisije nikachekwa.

Osward amesimama nyuma yangu akisoma. "Sasa dada Kija, kama kinajua hivi, kwa nini unakipa robo robo? Kifungulie kiwanja."

Nimetoa uzio. Nilifuta mstari mmoja tu. Pia nimemwelekeza Mchunga kwenye sarafu moja ndogo ambayo hupanda na kushuka haraka kuliko zile kubwa.

19 Januari

Mzee Bartolomeo amepiga. "Binti, habari za huko. Madoa kapandwa. Nilishawaambia dume langu halina adabu." Sijui nifurahi au nilie. Mtamba mwenye mimba bei yake ni nyingine.

27 Januari

Naenda Kasekese kwa siku mbili kusaidia palizi. Mchunga anabaki kazini.

3 Februari, Kasekese

Siku mbili zimekuwa nane. Mto umejaa, bodaboda hazivuki, na kwa mvua hizi mtandao hakuna; ukitaka kupiga simu unapanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi na bado husikii. Nimepalilia mpaka mikono imetoka malengelenge. Jioni nakaa na baba na kumsimulia Mchunga. Nimejisifu, siwezi kukataa. Nimemwambia wakati sisi tunalima, kuna mtu mjini ananichungia ng'ombe bila kula wala kulala. Baba aliendelea kusokota kamba yake.

"Na leo umemwona?"

"Nitamwonaje baba, hakuna mtandao."

"Hm," akasema.

Leo imetokea jambo, naliandika kwa sababu limenikaa. Kuna mtu anaitwa Selestine, ng'ambo ya mto, baba amemwekea ng'ombe watatu. Ndiyo desturi yetu: unamwekea mtu ng'ombe, yeye anakunywa maziwa na kupata mbolea, wewe unabaki mwenye mali, na ugonjwa ukiingia zizi moja haumalizi wote. Leo Selestine amekuja katika mvua, maji ya mto yakimfika kifuani, amebeba ngozi mbichi kichwani. Ameiweka mbele ya baba akachuchumaa.

Baba hakumsalimia kwanza. Alitafuta chapa kwenye ngozi kwa vidole mpaka akaipata. Kisha akauliza mambo matatu tu.

"Amekufa lini?"

"Juzi alfajiri."

"Na nini?"

"Ugonjwa wa ndorobo, naona. Alikonda ghafla, pua ikakauka. Nilimpa dawa nimechelewa."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi na mke wangu. Tulikesha naye."

Baba akaitundika ngozi kwenye kigingi ukutani, pamoja na nyingine za miaka iliyopita. Ndipo akamsalimia kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka, Selestine," kana kwamba mtu ndiyo kwanza anaingia, na akaagiza uji. Mvua ilipotulia akamfungulia ng'ombe mwingine aondoke naye.

Nilimuuliza kwa nini anampa mwingine wakati yule wa kwanza amemfia. Akanitazama kama niliyeuliza maji yanatoka wapi. "Ng'ombe wanakufa, Kija. Ningegombana naye kama angekuja mikono mitupu."

6 Februari, Shanwe

Nimefika saa nne asubuhi, nimelowa, nikaenda moja kwa moja dukani kabla hata ya kwenda nyumbani.

Ile sarafu ndogo ilianza kushuka siku niliyoondoka. Mchunga akaona amekonda, akanunua. Ikashuka tena, akanunua tena. Ikashuka, akanunua. Na uzio nilishautoa mwenyewe. Alinunua mara tano, hela ikaisha, na mstari wa mwisho aliouandika unasema: *Amekonda zaidi. Nimeishiwa. Subiri.* Alikuwa akisubiri siku sita, mwaminifu, akiuliza bei kila dakika tano ya kitu kinachokufa.

Halafu nikasoma matangazo ya soko lenyewe. Walishatangaza kwamba sarafu ile wanaiondoa, haitauzwa tena pale. Tangazo limetoka tarehe 28. Kila mwenye macho aliuza siku ile. Mchunga hakuwa na macho ya kusoma tangazo, kwa sababu mimi sikumpa.

Nimeuza zote kwa mkono wangu. Kati ya laki nane na sitini, imebaki laki tatu na nusu.

Osward amesimama mlangoni, akasema pole dada Kija, akaenda kupanga karatasi ambazo zilishapangwa. Mteja alitaka kopi ya kitambulisho. Nikamtolea pande zote mbili, nikampa na chenji sahihi, sijui nilifanyaje. Mbele ya macho yangu nilikuwa nikimwona Madoa akiondoka bila kugeuka.

7 Februari

Sina la kuandika.

8 Februari

Baba amepiga. Akaniuliza mchunga hajambo. Nikasema hajambo, baba, anaendelea vizuri.

15 Februari

Baba amepiga. Anaendelea vizuri.

22 Februari

Vizuri sana, baba.

Naichukia sauti yangu ninaposema hivyo, ni kama ya mtu anayeuza simu iliyovunjika kioo.

1 Machi

Mvua ya mawe. Osward kanishauri nikope, nimrudishie Mchunga hela yote, tutarudisha kila kitu kwa wiki mbili. Wakati anasema hivyo nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nilikuwa namwona mtu mwenye duka na akili za biashara. Kumbe ni mtu anayependa kuona wengine wakicheza. Siyo mbaya, ila siyo wa kumsikiliza.

9 Machi

Mama mdogo amenikuta nimekaa kitandani na ndoo ya kukingia tone mapajani. Akakaa karibu yangu. Yeye ndiye mdogo wake mama, wa mwisho. Nikamweleza yote. Nilitegemea anicheke, maana kazi yake ni kunicheka. Hakucheka.

"Dada angelia," akasema. "Halafu angekuuliza umekula." Akaenda kunipakulia ugali.

17 Machi

Nimeanza kuchapa barua za watu jioni, hapa nyumbani. Nyingi ni maombi ya kazi, na wote wanaandika kwamba ni wachapakazi.

2 Aprili

Mchunga nimemrudisha kwenye uwanja wa majaribio, hela za bandia. Nimesoma tena kila mstari wa lile faili. Kosa la Mchunga ni langu, na ni la kwetu kabisa. Mtu wa mjini asingelifanya. Mimi nimekua najua kwamba aliyekonda akisubiriwa ananenepa. Lakini ng'ombe ananenepa kwa sababu mvua inakuja kweli na majani yanaota kweli. Sarafu hainyeshewi. Baba aliuliza tangu Novemba kama inakula majani, na mimi msomi nikamwambia ni mfano tu.

13 Aprili

Mvua zinapungua. Mahindi ya pembeni ya Shanwe yameanza kugeuka rangi. Kila nikipita najisikia kuyaambia yasikauke.

26 Aprili

Baba amepiga. Nikafungua mdomo niseme vizuri, na haikutoka. Nikasema, "Baba, nakuja Jumamosi ijayo." Akasema, "Njoo na chumvi." Akakata.

Nimekaa muda mrefu nikifikiria nitakwenda na nini zaidi ya chumvi. Ndipo nikakumbuka Selestine na maji yakimfika kifuani.

Nimelichapa faili lote la Mchunga kwenye mashine ya dukani, tangu Desemba mosi hadi Februari sita. Kurasa arobaini na moja. Osward alitaka kunidai hela ya karatasi, nikamtazama, akasema basi.

3 Mei, Kasekese

Nilifika baba akiwa zizini. Sikungoja anisalimie. Niliweka zile karatasi miguuni pake, nikachuchumaa kama nilivyomwona Selestine.

"Hii nini?"

"Ngozi, baba."

Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaziokota, akazipapasa pembeni kwa vidole kama anatafuta chapa. Baba hajui kusoma. Akakaa kwenye gogo la zizi.

"Amekufa lini?"

"Mwishoni mwa Januari, baba. Tarehe ishirini na nane kuendelea."

"Na nini?"

Nikamsomea. Kila mstari wa siku zile: *Amekonda. Nimenunua. Amekonda. Nimenunua.* Mara tano. Nikamwambia kuhusu tangazo. Akaninyooshea kidole nirudie pale.

"Kwa hiyo alikuwa mgonjwa. Hakukonda kwa njaa."

"Ndiyo."

"Sasa wewe umeniona mimi mnadani miaka yote, hukuona ninachofanya kabla ya kutoa hela? Namgusa pua, Kija! Aliyekonda kwa njaa pua yake mbichi. Aliyekonda kwa ugonjwa, kavu. Aliyekauka pua hata wakinipa bure sichukui. Ulimgusa pua huyu?"

"Sikumgusa."

"Nani alikuwepo?"

Swali hili nililijua linakuja na bado lilinichoma. "Hakuna mtu, baba. Nilikuwa hapa, nakuambia mambo yanakwenda vizuri. Halafu nikakudanganya kwa simu miezi miwili na nusu."

Nikalia, naandika hivyo hivyo. Ng'ombe wakatutazama. Baba hakunibembeleza, siyo kawaida yake. Aliingia ndani na zile karatasi, nikasikia akihamisha vitu. Nilipomfuata nilikuta ametoboa kurasa kona kwa msumari, amepitisha kamba, na amezitundika kwenye kigingi, juu ya ngozi ya ng'ombe wa Selestine.

"Mwangaluka, Kija," akasema. "Umekula?"

5 Mei

Magamba. Tulikwenda wote wawili. Nilikuwa na laki nne na kumi, pamoja na hela ya barua. Madoa amenenepa, tumbo limeanza kujaa. Mnadani sasa hivi, baba alisema njiani, hapungui milioni moja. Mzee Bartolomeo anajua hilo kuliko sisi.

Nikaweka hela mezani na nikasema ukweli wote kabla baba hajasema lolote. Mzee Bartolomeo akaihesabu, akairudisha mezani.

"Haijafika."

"Haijafika, babu. Na mahindi yamekauka. Kwa makubaliano yetu ni wako."

Akamgeukia baba. "Luhende, mbona huongei?"

"Nilisema sitafungua mdomo," baba akasema. Kisha akaufungua. "Ila huyu ameniletea ngozi. Kurasa arobaini na moja. Amenisomea yote."

Mzee Bartolomeo siyo Msukuma, ni mwenyeji wa huku, ana ng'ombe sita tu na wote aliwapata kwetu sisi tuliohamia. Lakini ameweka na kuwekewa ng'ombe miaka mingi. Aliitikia kwa kichwa taratibu. Akatoka nje, akamwangalia Madoa, akarudi.

"Hela nachukua. Ndama wa kwanza wangu, awe dume awe jike. Akishaachishwa ziwa, mama yake anarudi kwako. Mpaka hapo maziwa nakunywa mimi. Tumeelewana?"

Nikampa mikono yote miwili. Tulipoondoka nilipita zizini nikaweka kiganja kwenye pua ya Madoa. Mbichi, baridi, akanipulizia hewa mkononi.

8 Mei, Shanwe

Nilipokuwa naondoka Kasekese baba alinifungia kamba mbuzi mmoja. Nikamuuliza ni wa nini.

"Wa mnada. Hela yake kapeleke kwa kale kadude kako."

"Baba! Selestine ulimpa ng'ombe."

"Selestine alikesha na mgonjwa. Wewe ulikuwa huku unajisifu. Anza na mbuzi."

Mama mdogo Scola amecheka kuanzia mlangoni mpaka jikoni. Mimi pia.

1 Juni

Mchunga mpya amekamilika. Uzio umerudi, na sasa ni mkali mara mbili. Kabla ya kununua anakwenda kusoma matangazo ya soko, anaangalia kama watu bado wanaiuza na kuinunua hiyo sarafu au wameikimbia, kisha ananiuliza kwa simu, na nisipojibu hanunui. Sehemu hiyo ya programu nimeiita pua. Nikisafiri namzima. Hela ya mbuzi haijaguswa bado.

14 Juni

Kiangazi kimeingia, vumbi limerudi Shanwe, na bati la mama mdogo limezibwa sasa ambapo halina kazi. Mzee Bartolomeo ametuma ujumbe kwamba Madoa anakula vizuri na dume limefungwa.

Jana Mchunga ameanza kazi kwa hela ya mbuzi. Leo asubuhi nilikuta ameandika mstari wake wa kwanza, nikamsomea baba kwa simu, taratibu, neno kwa neno:

*Amekonda. Nimemgusa pua. Kavu. Sinunui.*

Baba akaniambia nirudie pale pa pua.

"Huyo sasa," akasema, "ndiyo mchunga."